Maikromita ya Mzee wangu inasoma vibaya, na ninayejua ni mimi peke yangu

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 29, naishi Mwanza. Nafanya kazi kwenye karakana ya kuchonga vipuri: shafti za pampu, bushi, gia, vitu vya viwanda vya samaki, vya vinu vya pamba na vya machimboni. Tuko mafundi kumi na wanne. Mwaka jana nilitolewa kwenye mashine nikapewa kusimamia ubora, kwa sababu kampuni inatafuta cheti cha ISO 9001, kile cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, na wateja wetu wakubwa wameanza kukiulizia kabla ya kutoa oda.

Shida yangu ni vifaa vya kupimia. Hapa kwetu karibu kila fundi anapima kwa kifaa chake mwenyewe. Kampuni ina venia tatu na maikromita mbili, vifaa vya kupimia unene hadi sehemu ndogo za milimita, zinafungiwa stoo, na mwenye funguo mara nyingi hayupo. Kwa hiyo mtu akipata hela ananunua yake. Wengine wamekopa kwenye kikoba wakanunua mpya, wengine wamenunua mtumba. Sijawahi kusikia hata moja imepelekwa kuhakikiwa.

Mtaalamu aliyekuja kutuandaa kwa ukaguzi alituambia kila kifaa kinachotumika kuamua kama kazi ni nzuri lazima kijulikane, kiwe na namba na tarehe ya kuhakikiwa. Meneja akaamua siku hiyohiyo: mwisho wa mwezi ujao vifaa vyote binafsi vitoke getini, atakayekutwa nacho apewe barua. Tangazo ameniambia niandike mimi.

Sasa nikueleze kuhusu Mzee wangu. Ndiye aliyenifundisha kazi. Nilipokuja kwa mafunzo ya vitendo nikiwa VETA, mafundi wengine walinituma chai, yeye akanisimamisha kwenye mashine ya kukereza. Ana miaka 58. Ana maikromita ya milimita 25 hadi 50 aliyoinunua akiwa kijana kwenye kiwanda cha nguo, kabla kiwanda hakijafungwa. Anaihifadhi kwenye kisanduku cha mbao na kuifuta mafuta kila jioni. Nilipomgusia habari ya tangazo alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, wakichukua hii, wachukue na mikono." Vijana wote wanamsikiliza yeye.

Miezi miwili iliyopita ilirudi shafti aliyoichonga. Pale beringi ya namba 6309 inapokaa palikuwa pamelika, beringi imekuwa ikizunguka juu ya shafti. Mchoro ulitaka milimita 45 kwa ukazi wa k6, yaani shafti izidi 45 kidogo sana ili beringi ikae kwa kukaza. Ijumaa moja, Mzee akiwa msikitini, nilichukua maikromita yake kwenye kisanduku nikaijaribu kwa bloku za geji, vile vipande vya chuma vyenye unene unaojulikana kwa uhakika. Kwenye 25 iko sawasawa kabisa. Kwenye 45 inasoma 45.02, yaani inaonyesha kazi ni nene kuliko ilivyo. Nilirudia mara tatu. Niliirudisha nikaifunika kama nilivyoikuta.

Sijamwambia mtu. Meneja anasema akimjua aliyeharibu ile shafti, gharama itakatwa kwenye mshahara wake. Nikiandika tangazo, kifaa kitaondoka na siri itaondoka nacho, Mzee hataaibika. Lakini nitakuwa nimemvua kitu anachokithamini kuliko vyote hapa kazini, na atadhani nimesimama upande wa meneja. Nikisema ukweli, namharibia jina akiwa karibu kustaafu. Hata venia ninayoitumia kukagua kazi za wenzangu alinipa yeye nilipomaliza VETA. Usiku silali. Nifanye nini?

Binti wa Karakana

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyosoma barua nyingi zinazofika hapa. Kabla ya kuandika safu hii nilikaa stoo ya kiwanda miaka kumi na moja, na ninakijua hicho kisanduku cha mbao. Kila kiwanda kilikuwa nacho kimoja, na kila mtu alijua mwenyewe ni nani.

Ngoja nikurudishie ulichoniambia, unisahihishe nikikosea. Kuna tangazo ambalo hulitaki. Kuna kosa kwenye kifaa, umeligundua kwa mlango wa uani. Kuna shafti iliyorudi, na kuna mzee unayempenda kama baba. Haya yote umeyafunga fundo moja, kiasi kwamba ukivuta uzi mmoja unaona mengine yote yanakaza. Mimi naona ni mambo tofauti yaliyokutana mwezi mmoja.

Nianze na lile ambalo wewe na meneja wako mmelichukulia kama limeshakwisha: kwamba ukaguzi unadai vifaa binafsi viondoke. ISO 9001 ya mwaka 2015, kwenye kipengele cha 7.1.5, inaitaka kampuni iamue na itoe nyenzo za kupimia zinazofaa. Pale ambapo kipimo kinahitaji kuthibitika, kifaa kifanyiwe ugezi (kipimwe kina kosa kiasi gani) au kihakikiwe kila baada ya muda uliopangwa, kwa kulinganishwa na vipimo sanifu vyenye mnyororo unaofika kwenye viwango vya taifa au vya kimataifa. Kitambulike hali yake. Kilindwe kisirekebishwe ovyo wala kuharibika. Utaona haisemi lazima kiwe kimenunuliwa na nani. Aliyekalia kiti cha moto hapo ni kampuni: kazi ikipimwa kwa kifaa kibovu ndani ya karakana yake, haiwezi kujitetea kwamba kilikuwa cha fundi. Kwa hiyo hofu ya meneja ina mizizi. Ila dawa aliyoichagua ni moja kati ya kadhaa, na wewe ndiye uliyepewa kalamu.

Kupiga marufuku kuna faida yake, nisiidharau. Kampuni ikiwa na vifaa vyake tu, inajua viko vingapi, viko wapi, na havilali nyumbani kwa mtu wala kuanguka kwenye bodaboda. Lakini hesabu yako mwenyewe inanitisha: venia tatu na maikromita mbili kwa mafundi kumi na wanne, na funguo zisizopatikana. Vifaa binafsi havikuingia humo kwa ubishi. Viliingia kwa sababu watu walikuwa na kazi ya kumaliza. Ukivifukuza bila kuleta vingine, vitarudi ndani ya mabegi, vitatumika chini ya meza, na wewe msimamizi wa ubora utakuwa na daftari safi na karakana usiyoijua. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Kifaa kilichofichwa hakipelekwi kwenye ugezi kamwe.

Njia ya pili ni kuviruhusu kwa masharti. Kila chenye kutumika kazini kinaandikwa kwenye rejista kama cha kampuni, kinapewa namba na stika ya tarehe, na gharama ya ugezi inalipwa na kampuni. Kwa vipimo vya urefu vya karakana, maabara ya ugezi ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, iko Ubungo, Dar es Salaam. (Wakala wa Vipimo mnaowaona wakikagua mizani ya sokoni na pampu za mafuta kazi yao ni vipimo vya biashara, watu wengi huwachanganya.) Toka Mwanza hadi Ubungo ni safari, na kifaa kikienda fundi anabaki mikono mitupu. Kwa hiyo kuna maswali ambayo lazima yajibiwe kwa maandishi kabla ya kisanduku cha kwanza kupanda basi. Kikipotea njiani nani analipa? Kikirudi na jibu kwamba hakifai, mwenyewe anapewa kipi cha kufanyia kazi kesho yake? Anaruhusiwa kukipeleka nyumbani? Akikirekebisha mwenyewe baada ya ugezi, atasema? Fundi aliyezoea kukigusagusa kifaa chake kwa miaka thelathini haachi kwa sababu ya stika. Na si kila kilichonunuliwa mtumba kitastahili nauli ya kwenda Dar. Vingine mtavikataa hapohapo kwenye bloku zenu, na mwenye mkopo wa kikoba atakuuliza kwa nini wewe.

Ziko karakana zinazochagua katikati: fundi achonge akijipimia kwa chake, lakini kipimo cha mwisho, kile kinachoandikwa kwenye karatasi ya kazi, kichukuliwe kwa kifaa cha kampuni kilichohakikiwa. Inasikika vizuri. Udhaifu wake ni kwamba chuma kikishakatwa hakirudi. Kifaa cha fundi kikidanganya, cha kampuni kitakuja kutangaza tu kwamba shafti imeharibika. Na kila siku mbili mtakuwa mnagombana ni kifaa cha nani kinasema kweli.

Sitakuchagulia. Naomba tu, kabla ya kuandika tangazo, umwekee meneja mezani bei ya njia zote tatu, ikiwemo idadi ya vifaa vya kununua kama marufuku ndiyo itakayopita. Huenda ataishikilia amri yake. Lakini atakuwa ameitoa akijua gharama yake.

Sasa tuje kwenye Ijumaa ile.

Ulichokipata kinaeleweka kwa mtu anayejua maikromita. Watu wengi wanaamini kwamba ikisoma sawa mwanzoni, basi iko sawa kote. Parafujo ya ndani huchakaa pale inapotumika zaidi, na mtu anayechonga shafti za beringi miaka yote anaizungusha sehemu zilezile. Kwa hiyo 25 safi na 45 yenye kosa vinaweza kukaa kwenye kifaa kimoja, na mwenye kukipenda na kukifuta mafuta kila jioni asijue. Usafi wake ni wa kweli, na kosa nalo linaweza kuwa la kweli.

Lakini mwanangu, ulipima peke yako, kwa haraka, ukiwa na hofu ya mtu kuingia. Nikuulize machache, bila kukushutumu. Hizo bloku za geji zina cheti, na kiliisha lini? Ulizifuta vumbi na mafuta kabla ya kupima? Ulizungusha kwa racheti, kile kitasa cha mwisho kinachozuia kubana kupita kiasi, au kwa kubana na vidole? Uliziacha bloku na maikromita zikae pamoja mpaka zikalingana joto, au zilikuwa zimetoka kwenye kiganja chako? Joto la rejea la kupimia urefu duniani kote ni nyuzi 20 za Selsiasi, na karakana ya mabati ya Mwanza saa saba mchana haiko hata karibu na hapo. Vitu vyote vya chuma vikiwa na joto moja, hilo halikusumbui sana, kwa sababu vinatanuka pamoja. Vikitofautiana ndipo mambo yanapoharibika.

Na hapo kuna jambo ambalo hukuligusa kwenye barua. Chuma cha kawaida cha shafti hutanuka takriban milimita 0.0115 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Chukua shafti ya 45 iliyotoka kukerezwa ikiwa na nyuzi 35 juu ya maikromita inayoipima. Itaonekana nene kwa karibu 0.018, na ikipoa inarudi. Hilo ni karibu sawa na ile 0.02 yako. Ukazi wa k6 kwenye 45 unataka shafti iwe kati ya 45.002 na 45.018, nafasi ndogo kiasi kwamba lolote kati ya haya mawili lingeweza kuiangusha chini yake. Inawezekana ni kifaa. Inawezekana shafti ilipimwa ikiwa bado ya moto kwa sababu mteja alikuwa anasubiri nje. Inawezekana ni yote mawili, au wafungaji huko kiwandani waliigonga beringi kwa nyundo. Unambeba Mzee wako moyoni kama mkosaji, wakati hata wewe hujajua ni nini kilichoharibu ile shafti.

Simaanishi kwamba ujifariji hapo na kunyamaza. Kama kosa lipo, liko kwenye kila kazi aliyoipima karibu na 45 tangu lilipoanza. Ndiyo maana kipengele kilekile kinataka kampuni, ikigundua kifaa hakifai, iangalie nyuma ni vipimo gani vilivyoathirika na ichukue hatua. Umesema mnachonga vitu vya machimboni. Pale beringi ikishindwa, kuna mtu amesimama karibu na ile mashine. Njia ya kuacha tangazo lifukuze kifaa na siri yake, naiona ilivyo na huruma, lakini inaacha hizo shafti zikizunguka huko ziliko bila mtu wa kuzifuatilia. Hilo ndilo lingenikosesha usingizi mimi kuliko yote uliyoyataja.

Umeogopa kwamba gharama itakatwa kwenye mshahara wake. Hofu hiyo ni ya haki, lakini meneja hana uhuru mkubwa kama anavyoongea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inaweka masharti. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake. Apewe nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Sasa jiulize: fundi aliyeachiwa miaka yote ajinunulie kifaa, kwenye karakana isiyowahi kupeleka kifaa hata kimoja kwenye ugezi, kosa linamwangukia yeye kwa kipimo gani? Mwenye kujibu hilo si wewe wala mimi. Lakini swali hilo lina nguvu likiulizwa mapema, na wewe kama msimamizi wa ubora unaweza kuliuliza bila kutaja jina la mtu. Kama mna tawi la chama cha wafanyakazi, kiongozi wake anaweza kuliuliza kwa sauti kubwa kuliko yako.

Na Mzee je? Unasema unaogopa kumharibia jina. Nakuamini. Lakini nimeona kwamba katika barua nzima umeshaamua kwa niaba yake kwamba hawezi kuupokea ukweli. Huyu ni mtu aliyekusimamisha kwenye mashine wakati wenzake wanakutuma chai. Alikuona unaweza kabla wewe hujajiona. Sijui atasema nini ukimwambia. Anaweza kukasirika, na zaidi ya kosa la kifaa, atakasirikia kile kisanduku kufunguliwa yeye akiwa kwenye sala. Hilo ni lako peke yako, na sioni namna ya kulikwepa. Ukianza na lile la kisanduku, kabla ya namba yoyote, angalau atajua unaongea kama mwanawe.

Maneno yake ya kuchukua mikono, wewe umeyasikia kama kukataa. Mimi nimeyasikia tofauti kidogo, nikiwa mbali. Kiwanda kilipofungwa, wenzake wengi waliondoka na karatasi. Yeye aliondoka na kitu kilichomhakikishia kwamba kesho yake ataingia karakana nyingine akiwa bado fundi. Mtu wa miaka 58 akiambiwa kitu hicho kisionekane tena getini, anachosikia hakihusu milimita. Kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia "hiki kitoke" na kumwambia "hiki tukipime, na mwenye kukipima awe wewe". Ukimwomba akae na wewe mbele ya bloku za geji asubuhi karakana ikiwa bado baridi, azungushe kwa mkono wake, asome kwa jicho lake, anaweza kukuonyesha kwamba ulikosea. Anaweza pia kuliona lile kosa la 0.02 mwenyewe. Vyovyote itakavyokuwa, atakuwa ameambiwa na kifaa chake, hajasikia kwenye kikao. Hatari ipo: akiiona na akakuomba unyamaze, utakuwa umebanwa zaidi ya leo. Fikiria jibu lako la ombi hilo kabla hujamwita, kwa sababu mbele ya macho yake hutapata muda wa kufikiri.

Kama kifaa kitaonekana kina kosa, hakijafa. Kuna mafundi wa vipimo wanaoweza kukirekebisha, na hata kisiporekebishika kinaweza kuandikwa wazi kwamba si cha kupimia kazi ya mwisho. Au kikae kwenye kisanduku chake nyumbani kwa mwenyewe, kwa heshima zote, akiwa amekipeleka yeye na si kwa barua ya onyo.

Nimebakiza kitu kimoja, ambacho wewe umekiandika kwenye mstari mmoja ukapita. Venia unayokagulia kazi za wenzako ni mali yako, hujasema imewahi kuhakikiwa, na kila unapoipitisha kazi ya fundi unaipitisha kwa hiyo. Ukimwita Mzee kwenye meza ya kupimia, kuna vifaa viwili vinavyostahili kulazwa pale, na vyote vimetoka mikononi mwake. Cha kuanza kupimwa mtachagua wenyewe.

Niandikie mkishapima, hata kama ni mistari miwili tu.

Wako,
Mshauri